Mnaotoka chuoni kuingia chumba cha habari: msisahau ya darasani, wala msimwogope profesa

Kila baada ya mahafali vyumba vya habari hupokea vijana wapya, na wengi wao hukaribishwa kwa maneno yale yale: "Ya darasani yaache huko huko, kazi utajifunzia hapa." Anayesema hivyo mara nyingi ni mwandishi mkongwe mwenye nia njema. Anataka kumtoa mgeni hofu. Nimekaa kwenye kiti cha uhariri muda wa kutosha kuona maneno hayo yanavyofanya kazi ndani ya kijana, na nasema bila kuficha kwamba yameharibu waandishi wengi. Akiambiwa asahau, anasahau kweli. Anasahau takwimu, anasahau namna ya kusoma utafiti, anasahau swali la msingi kuliko yote: umejuaje? Kinachobaki ni kukimbizana na mikutano ya waandishi wa habari na kumnukuu kila mwenye cheo.

Kijana huyo huyo ukimtuma akamhoji profesa, ananywea. Anarudi kuwa mwanafunzi. Anaandika kila analoambiwa, hathubutu kusema "hapo sijaelewa", na anarudi ofisini na kurasa za maneno magumu ambayo yeye mwenyewe hawezi kumweleza jirani yake. Tumemfundisha kudharau chuo na kukiogopa kwa wakati mmoja.

Ninachotaka kukuambia wewe unayeanza ni kwamba chuo kikuu hakijaisha kwako siku ya kuvaa joho. Utaendelea kukihitaji kwa mbinu zake, utakipigia simu karibu kila wiki kutafuta wataalamu, na siku nyingine utatakiwa kukichunguza kama unavyochunguza wizara au kampuni. Uhusiano wa namna hiyo unahitaji ukaribu na umbali pamoja, na hakuna anayezaliwa akiujua.

Ugomvi kati ya darasa na chumba cha habari ni wa siku nyingi. Joseph Pulitzer, tajiri wa magazeti Marekani, alipopeleka wazo la shule ya uandishi wa habari kwenye Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1892, alikataliwa. Wenye magazeti wengi wa zama zile waliamini kwamba mwandishi huzaliwa na kipaji, kisha hupikwa na wahariri. Mwaka 1904 Pulitzer aliandika makala ndefu kujibu hoja hizo moja baada ya nyingine. Alifariki mwaka 1911, shule ikafunguliwa 1912, na tuzo zenye jina lake zikaanza kutolewa 1917. Wakati huo Chuo Kikuu cha Missouri kilikuwa kimeshamtangulia. Kilifungua shule yake tarehe 14 Septemba 1908, na siku hiyo hiyo ya kwanza ya masomo wanafunzi walitoa gazeti la kweli, lenye habari za mji na wasomaji wa mjini. Mkuu wake wa kwanza, Walter Williams, hakuwa na shahada hata moja. Alikuwa ameanzia chini kabisa, akiwa kijana wa kazi kwenye matbaa, na miaka mingi baadaye akaja kuwa rais wa chuo kizima. Uingereza ilichukua njia ndefu zaidi: kwa miongo mingi mwandishi alianzia kwenye gazeti la mkoani na kujifunza akiwa kazini, na kozi ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Cardiff, iliyofungua mlango kwa nyingine nyingi, ilianza mwaka 1970.

Nayaeleza haya kwa sababu yana msaada kwa anayechagua pa kusoma, au aliyeko mwaka wa kwanza anajiuliza kama kozi yake ina maana. Swali la kuuliza kuhusu shule ya uandishi ni hili: kazi zangu zitasomwa na nani? Kama jibu ni mhadhiri peke yake, basi tafuta gazeti la wanafunzi, redio ya chuo, tovuti ya mtaa, chochote chenye msomaji anayeweza kukupigia simu akilalamika kwamba umekosea jina la mama yake. Missouri walielewa hilo tangu siku ya kwanza. Alama za mtihani zinapimwa na mtu mmoja anayekutakia mema. Habari iliyochapishwa inapimwa na kila aliyetajwa ndani yake, na wengine hawakutakii mema hata kidogo. Mwombaji wa kazi akiniletea cheti kizuri nakiangalia kwa heshima, kisha namwomba kazi tatu alizochapisha na anieleze alivyozipata. Maelezo ndiyo huniambia zaidi.

Sasa turudi kwenye hilo la kusahau ya darasani. Somo ambalo wanafunzi wengi wa uandishi hulichukia ni mbinu za utafiti, wakidhani ni la wale watakaoendelea na uzamili. Mfano ninaoupenda wa kuwaonyesha wamekosea ni wa Detroit.

Julai 1967 jiji hilo la Marekani lililipuka kwa ghasia zilizoua watu 43. Kila mwenye kipaza sauti alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema waliofanya fujo ni watu wa tabaka la chini kabisa, wasio na elimu wala tumaini. Wengine walisema ni weusi waliohamia kutoka majimbo ya Kusini na kushindwa kuzoea maisha ya jiji la Kaskazini. Maelezo yote mawili yalisikika ya busara, yalisemwa na watu wanaoheshimika, na ripota wa kawaida angeyanukuu yote mawili na kwenda nyumbani akiamini ametenda haki kwa pande zote.

Philip Meyer, mwandishi wa magazeti ya kampuni ya Knight, alikuwa ametoka tu kumaliza mwaka wake Harvard kwa ufadhili wa Nieman, unaowapa waandishi wa habari nafasi ya kurudi kusoma chuoni hapo, ambako alijifunza mbinu za sayansi ya jamii na matumizi ya kompyuta. Badala ya kukusanya nukuu, alishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan. Wakachagua kwa bahati nasibu wakazi wa maeneo yaliyoathirika, wakawafundisha wahojaji, wakapita nyumba kwa nyumba, kisha majibu yakaingizwa kwenye kompyuta. Matokeo yaliangusha maelezo yote mawili. Waliofika chuo walikuwa wameshiriki ghasia kwa kiwango sawa na walioacha sekondari. Na waliokulia Kaskazini walishiriki zaidi kuliko waliotoka Kusini. Maana yake ni kwamba chanzo kilikuwa ndani ya jiji lenyewe, katika namna watu walivyotendewa hapo hapo walipozaliwa na kukulia. Gazeti la Detroit Free Press lilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1968 kwa kazi yake juu ya ghasia hizo.

Angalia kilichofanyika hapo. Pande mbili zilikuwa zinabishana, na zote zilikuwa zimekosea. Usawa wa nukuu usingekufikisha popote, ila kuhesabu vizuri kulifika. Wewe huenda hutapata kompyuta ya chuo na kikosi cha wahojaji wiki yako ya pili kazini, lakini mbinu ile ile ina umbo dogo linaloingia kwenye habari ya kila siku. Kabla hujaandika "wananchi wengi wamelalamika", jiulize wengi ni wangapi, na umewapata wapi. Watu watano uliowakuta mlangoni mwa ofisi wanaweza kuwa ni wale tu wenye shida, kwa sababu asiye na shida hakuja. Kabla hujaandika "ajali zimeongezeka", omba takwimu za miaka kadhaa, maana mwaka mmoja mbaya ukilinganishwa na mwaka mmoja mzuri utakupa habari kubwa isiyo ya kweli. Na ukipewa orodha, ihesabu mwenyewe. Jumla zilizoandikwa chini ya majedwali ya ofisi mbalimbali zina makosa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingine kosa lenyewe ndilo habari.

Sehemu ambayo wageni hujikwaa zaidi ni taarifa za vyuo kwa vyombo vya habari. Hapa naomba unifuate polepole, maana utakutana nazo tangu siku za mwanzo. Mhariri wa zamu hupenda kumpa mgeni taarifa ya chuo kwa imani kwamba haina hatari: hakuna mwanasiasa wa kukasirika, na maneno yameshapangwa vizuri.

Tuseme asubuhi unatumiwa taarifa yenye kichwa hiki: "Watafiti wagundua kulala mchana kunapunguza hatari ya kiharusi kwa asilimia 50." Imeandikwa kwa lugha nzuri, ina nukuu ya profesa na picha ya jengo. Unaweza kuigeuza habari kwa nusu saa, na wenzako katika vyombo vingine ndicho wanachofanya wakati huo huo.

Usianze kuandika. Tafuta andiko lenyewe la utafiti. Taarifa nyingi huweka kiungo chini kabisa. Usiishie kwenye ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo. Nenda kwenye sehemu ya mbinu, hata kama utaelewa nusu yake. Katika andiko letu hili la mfano unakuta watafiti hawakumlaza mtu yeyote mchana. Walichukua watu wazima maelfu kadhaa, wakawauliza mara moja kwenye dodoso kama wana kawaida ya kulala mchana, wakawafuatilia kwa mwaka mmoja. Hapo tayari neno "kunapunguza" limeanza kuyumba. Anayeweza kulala mchana ni mtu wa namna gani? Huenda amestaafu na ana nafasi, huenda hana deni, huenda anaishi pasipo na kelele. Mambo hayo nayo yana uhusiano na afya ya mishipa ya damu, na inawezekana ndiyo yanayofanya kazi, usingizi ukiwa umeongozana nayo tu.

Kisha tafuta jedwali. Unakuta miongoni mwa wasiolala mchana, waliopata kiharusi mwaka ule ni wawili katika kila elfu moja. Miongoni mwa wanaolala ni mmoja katika kila elfu moja. Kutoka wawili kwenda mmoja ni kweli ni asilimia 50, hakuna aliyedanganya. Lakini ni tofauti ya mtu mmoja katika elfu, na msomaji wako anayo haki ya kupewa namba zote mbili ajue ukubwa wa jambo. Ifanye iwe kanuni yako: asilimia ya kupanda au kushuka usiiandike bila kusema imeanzia wapi.

Malizia na kurasa za mwisho. Huko watafiti wenyewe, ambao mara nyingi ni waangalifu kuliko ofisi yao ya mawasiliano, wameandika kwamba utafiti huu hauwezi kuthibitisha kuwa usingizi ndio sababu. Karibu na hapo pameandikwa nani amelipia kazi yote. Soma jina hilo, lichunguze. Mfadhili mwenye maslahi hafanyi utafiti kuwa wa uongo, ila msomaji lazima ajue.

Sasa piga simu. Mpigie mtafiti, halafu mpigie mtaalamu wa pili ambaye hakuhusika na jina lake halimo kwenye andiko. Huyu wa pili ndiye ataigeuza taarifa kuwa habari. Muulize: ungekuwa wewe, ungebadilisha nini nyumbani kwako baada ya kusoma hili? Jibu lake huwa la kweli kuliko nukuu ya kwenye taarifa. Baada ya hapo kichwa chako kitakuwa kitu kama "Wanaolala mchana wapata kiharusi kwa nadra zaidi, sababu bado haijulikani". Mhariri atakuambia kimepoa. Mweleze ulichokuta kwenye jedwali. Wahariri wengi wakielezwa kwa namba huelewa, na asiyeelewa leo ataelewa siku chombo kingine kitakapolazimika kuomba radhi.

Kuna ushahidi wa kutosha kwamba tatizo hili mara nyingi huanzia chuoni kabla halijatufikia sisi. Mwaka 2014 jarida la tiba la BMJ lilichapisha kazi ya watafiti, wengi wao wa Cardiff, waliochambua taarifa 462 za afya na tiba zilizotolewa na vyuo vikuu 20 vikubwa vya Uingereza mwaka 2011. Asilimia 40 ya taarifa zilikuwa na ushauri uliotiwa chumvi, asilimia 33 zilidai jambo fulani ni sababu wakati utafiti ulionyesha uhusiano tu, na asilimia 36 ziliyapeleka kwa binadamu matokeo ya utafiti wa wanyama kupita andiko lilivyoruhusu. Taarifa ikitia chumvi, habari nazo zilifuata kutia chumvi. Na hawakuona ushahidi wa maana kwamba chumvi hiyo iliongeza idadi ya habari zilizoandikwa. Hapo ndipo huwa nasikitika, maana uongo huo wote haukumnufaisha mtu.

Utakutana pia na embago: taarifa inakufikia mapema kwa sharti kwamba usichapishe kabla ya saa fulani. Mtandao wa EurekAlert wa wanasayansi wa Marekani umekuwa ukisambaza taarifa za namna hii tangu 1996. Heshimu sharti ulilolikubali, na muda uliopewa utumie kumtafuta yule mtaalamu wa pili. Wengi huutumia kuandika mapema na kusubiri saa ifike, kisha wote wanatoa habari moja kwa maneno yale yale.

Sasa kuhusu kumhoji msomi. Heshima ni lazima: tumia cheo chake sahihi, uliza kama ni daktari au profesa, hakikisha tahajia ya jina na idara. Soma angalau kazi yake moja kabla ya kwenda, na mwonyeshe umeisoma. Msomi akigundua umesoma, mazungumzo yanabadilika papo hapo, anaacha kuhubiri na kuanza kufikiri pamoja nawe. Akitumia neno usilolijua, sema hujalielewa. Usione haya. Kazi yako ni kuwaelewesha watu ambao hawapo chumbani humo, na kama wewe hujaelewa wao hawana nafasi kabisa. Njia inayonisaidia ni kumrudishia kwa maneno yangu: "Kwa hiyo profesa, nikisema hivi na hivi, nitakuwa nimekosea wapi?" Wasomi wanapenda kusahihisha. Mpe nafasi hiyo ukiwa mbele yake, kabla hujachapisha.

Ataomba kuisoma habari kabla haijatoka. Vyumba vya habari vina kanuni tofauti, fuata ya kwenu. Mimi huruhusu kumsomea nukuu zake na aya zenye maelezo ya kitaalamu, ili asahihishe ukweli. Simpi habari nzima, wala simruhusu kulainisha alichokwisha kusema kwa sababu mkuu wake wa idara atakasirika.

Na tafadhali, usiwe na profesa mmoja wa kila kitu. Kila chumba cha habari kina yule anayepatikana kwa simu saa yoyote na kuzungumzia uchumi asubuhi, uchaguzi mchana na tabianchi jioni. Anapendwa kwa kuwa anapatikana. Tafuta aliyefanya utafiti kuhusu jambo lenyewe, hata kama ni mhadhiri msaidizi asiye na jina, hata kama ni mwanafunzi wa uzamivu aliyekaa kijijini miaka akikusanya data. Mara nyingi huyo ndiye anayejua, na hakuna aliyewahi kumpigia.

Usomi wala ukubwa wa jarida si kinga. Februari 1998 jarida la Lancet, miongoni mwa majarida makubwa ya tiba duniani, lilichapisha andiko la Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, lililochochea dhana kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela inahusiana na usonji. Vyombo vya habari viliisambaza dhana hiyo kwa miaka, vingi vikijiona vinatenda haki kwa kuweka "pande zote". Aliyeifumua alikuwa mwandishi wa habari, Brian Deer, aliyeandika kwenye Sunday Times kuanzia 2004 akionyesha kwamba Wakefield alikuwa amelipwa na mawakili waliokuwa wakiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, jambo ambalo hakulitangaza. Lancet ililiondoa andiko lile rasmi Februari 2010, na mwaka huo huo Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Deer alitumia mbinu za ripota: nyaraka, malipo, rekodi, na kuwafuata watu waliotajwa. Alipomaliza, alikuwa ameisaidia sayansi kujisahihisha.

Hapo tunaingia kwenye ile kazi ngumu ya kukichunguza chuo chenyewe. Chuo kikuu kina bajeti kubwa, ardhi, zabuni, ajira, na mamlaka juu ya maisha ya vijana wengi. Yote hayo ni ya kuripotiwa, lakini vyumba vingi vya habari hukikumbuka chuo wakati wa mahafali, migomo na udahili tu. Pengo hilo mara nyingi limezibwa na wanafunzi.

Novemba 2022 Stanford Daily, gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilichapisha habari ya Theo Baker, aliyekuwa mwaka wa kwanza, kuhusu tuhuma za picha zilizochezewa katika maandiko ya kisayansi yenye jina la rais wa chuo, Marc Tessier-Lavigne. Ninachotaka ukitazame ni mahali alipoanzia. Mashaka juu ya baadhi ya picha hizo yalikuwa yamewekwa wazi tangu 2015 kwenye mtandao wa PubPeer, ambako wanasayansi hujadili maandiko ya wenzao. Yalikuwa mbele ya macho ya kila mtu kwa miaka saba. Baker aliwatafuta wataalamu wa kuchunguza picha za kisayansi, akawapa picha hizo wazipime, akaandika walichoona na wasichokuwa na hakika nacho. Bodi ya chuo iliunda jopo la uchunguzi. Ripoti yake ya Julai 2023 haikumkuta rais mwenyewe akighushi data, ila ilikuta kasoro nzito katika baadhi ya maandiko na kwamba hakuwa amechukua hatua za kutosha kuyasahihisha. Akatangaza kujiuzulu mwezi huo huo. Habari zile zilikuwa zimeshampa Baker tuzo ya uandishi wa habari ya George Polk.

Mwandishi mwingine mwanafunzi, wa gazeti la The State Press la Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, ndiye aliyeripoti wa kwanza, Septemba 2019, kwamba Kurt Volker amejiuzulu kama mjumbe maalumu wa Marekani kwa Ukraine. Volker alikuwa anaongoza taasisi iliyo chini ya chuo hicho, na kijana yule alikuwa na mtu wa kumuuliza pale pale. Vyombo vikubwa vya Washington vilimnukuu mwanafunzi huyo.

Kama chuo unachokiripoti ndicho kilichokusomesha, sema hivyo kwa mhariri wako kabla hujaanza. Kama anayetuhumiwa ni mhadhiri aliyekusimamia, ikabidhi habari kwa mwenzako na wewe ukae pembeni kabisa. Usimpe hata "dondoo". Na kama bado ni mwanafunzi unayeandika juu ya chuo chako, jua mapema nani ana mamlaka juu ya gazeti lenu: nani analipia, nani anaweza kumwondoa mhariri, nani ana nywila za tovuti. Magazeti ya wanafunzi yenye fedha na bodi zao nje ya utawala wa chuo hupumua kwa urahisi zaidi. Weka nakala za nyaraka zako mahali pasipo kwenye akaunti ya barua pepe ya chuo.

Mengine ya miezi ya mwanzo nayapitia haraka. Piga simu badala ya kutuma ujumbe. Andika jina la mtu jinsi anavyolitamka na kuliandika yeye. Ukiona huwezi kumaliza kwa wakati, mwambie mhariri mapema, akiwa bado na nafasi ya kupanga upya. Ukikosea, omba sahihisho litoke siku hiyo hiyo.

Akili mnemba inahitaji maneno zaidi kidogo, maana wengi mmefika kazini mkiwa mmeshaizoea chuoni. Itakusaidia kufupisha andiko refu au kukueleza istilahi. Lakini programu hizi hubuni marejeo: zinakupa jina la mtafiti wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaoelekea kuwa sahihi, na andiko ambalo halijawahi kuandikwa. Ukipewa utafiti na programu, ufungue kwa macho yako kwenye tovuti ya jarida. Angalia pia kama haujaondolewa baada ya kuchapishwa. Retraction Watch, iliyoanzishwa 2010 na Ivan Oransky na Adam Marcus, ambao wote ni waandishi wa habari za sayansi na tiba, inafuatilia maandiko ya namna hiyo.

Baada ya miaka michache kazini, rudi chuoni. Meyer aliweza kuifanya kazi ya Detroit kwa kuwa alirudi akiwa na maswali ya kazini. Nieman ilianza Harvard mwaka 1938, na taasisi ya Reuters ya kuchunguza uandishi wa habari, iliyoko Oxford, imekuwa ikipokea waandishi kutoka nchi mbalimbali tangu 2006. Kozi fupi ya takwimu au sheria ya jioni nayo inatosha kukubadilisha. Na mlango unafunguka kwa upande mwingine pia: The Conversation, iliyoanza Australia mwaka 2011, huwafanya wasomi waandike na wahariri wa habari wawahariri, na makala zake huruhusiwa kuchapishwa upya bure. Zisome uone jinsi mhariri mzuri anavyoweza kumtoa profesa kwenye lugha ya profesa.

Kwa ninyi mnaomaliza mwaka huu, kuna jambo la kufanya kabla kitambulisho cha chuo hakijaisha muda. Nendeni maktaba, waulizeni wakutubi kama wahitimu wanaruhusiwa kuendelea kutumia hifadhidata za majarida, na kwa masharti gani. Andikeni kwenye daftari majina ya wahadhiri watano, kila mmoja na jambo moja tu analolijua kwa kina. Na mkikwama mbele ya andiko linalouzwa kwa bei msiyoiweza, tafuteni barua pepe ya mwandishi wake, ambayo huwa ukurasa wa kwanza, mjitambulishe na kuomba nakala. Wengi hutuma siku hiyo hiyo, na wengine huongeza namba ya simu.